Mionzi inayoionisha hutorokaje kwenye galaksi iliyojaa haidrojeni?

Swali la msomaji: Nasoma kwamba galaksi changa za mwanzo ndizo zilizoionisha (yaani zilizong'oa elektroni za) haidrojeni yote iliyotapakaa kati ya galaksi. Lakini haidrojeni ndiyo inayomeza mionzi ya aina hiyo, na nyota huzaliwa ndani kabisa ya mawingu ya haidrojeni. Sasa mionzi ilitokaje? Na mbona galaksi moja hutajiwa kuwa asilimia 3 ya mionzi hiyo hutoroka, nyingine 72? Wanapimaje?

Jibu: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi. Mionzi hiyo haipenyi gesi. Ikionekana nje, ni kwa sababu upande fulani wa galaksi, kwa kipindi fulani, haukuwa na haidrojeni ya kuimeza, au ilikuwapo kidogo mno. Kwa hiyo asilimia unayoisoma ni habari ya upande mmoja, ule unaotukabili sisi, na ya wakati mmoja. Ukilishika hilo, tofauti ya 3 na 72 haitakusumbua sana, ingawa kuipima ni kazi yenye mitego.

Ukuta wenyewe

Namba ya kwanza ni 13.6. Hizo ndizo elektronivolti zinazotakiwa kung'oa elektroni kwenye atomi ya haidrojeni iliyotulia, na fotoni yenye nishati hiyo ina urefu wa wimbi wa nanometa 91.2, ndani kabisa ya urujuanimno. Mwanga wote wenye mawimbi mafupi kuliko hapo huitwa mwendelezo wa Lyman, na wote unaweza kuionisha haidrojeni. Pale mpakani, kila atomi humkingia fotoni njia kwa eneo la sentimita za mraba 6.3 × 10⁻¹⁸. Eneo ni dogo, ila atomi ni nyingi. Wanaastronomia huzihesabu kwa safu, yaani jumla ya atomi zilizo kwenye njia ya mwanga kwa kila sentimita ya mraba. Safu ya 1.6 × 10¹⁷ huacha asilimia 37 ya mwanga ipite. Safu ya 10¹⁸ huacha asilimia 0.2. Galaksi zinazozaa nyota kwa kawaida zina safu za 10²⁰ hadi 10²², na hata hiyo ya chini inakupa e⁻⁶³⁰. Hiyo ni sifuri kwa kila hali.

Kwa umbali, hesabu inasomeka hivi: kwenye gesi yenye atomi moja tu kwa kila sentimita ya ujazo, fotoni ya nanometa 91 husafiri kama sehemu ya sita ya mwaka-nuru kabla ya kumezwa. Galaksi ndogo ina upana wa maelfu ya miaka-nuru.

Angalia pia jinsi eneo la katikati lilivyo jembamba. Kutoka safu inayopitisha asilimia 90 hadi ile inayopitisha asilimia 1 ni tofauti ya mara 44 tu, wakati safu halisi ndani ya galaksi moja hutofautiana mara maelfu, hata mamilioni. Chagua njia yoyote kutoka kwenye nyota kuja nje: karibu kila mara utaikuta ama imefungwa kabisa ama iko wazi. Hali ya nusu-nusu ni nadra. Mengi yanayofuata yanatokana na jambo hili moja.

Kuna kasoro moja ya kanuni hiyo. Kadiri nishati ya fotoni inavyopanda, ndivyo atomi inavyozidi kuikosa. Nishati ikiwa maradufu, eneo la kukinga hupungua takriban mara nane. Kwa safu ya 10¹⁷, mwanga wa mpakani hubaki asilimia 53, ule wa nishati maradufu hubaki zaidi ya 90. Sasa vipimo vingi hufanywa karibu na nanometa 90, kwa hiyo pale gesi inapokuwa nyembamba, vinapunja kidogo jumla ya fotoni zilizotoka.

Kwa nini nyota peke yake haifui dafu

Fotoni hizi hutoka kwa wingi kwenye nyota za aina ya O, nzito na moto sana, ambazo huishi miaka milioni chache tu. Nyota moja kubwa ya aina hiyo hutoa takriban fotoni 10⁴⁹ kila sekunde. Iweke katikati ya wingu lenye atomi 100 kwa kila sentimita ya ujazo. Fotoni zinang'oa elektroni. Elektroni na protoni zinakutana na kuungana tena. Atomi mpya inameza fotoni nyingine. Mpaka wa eneo lililoionishwa hukaa pale ambapo idadi ya miungano kwa sekunde inalingana na idadi ya fotoni zinazotolewa:

R³ = 3Q / (4π n² α)

Q ni fotoni kwa sekunde, n ni msongamano, na α ni kiwango cha kuungana tena, 2.6 × 10⁻¹³ cm³ kwa sekunde kwa gesi ya kelvini 10,000. Ukikokotoa unapata karibu 10¹⁹ cm, sawa na parseki 3.1, yaani miaka-nuru 10. Nyota inayong'aa kuliko Jua mara mamia ya maelfu inaishia hapo.

Ila tazama n², maana ndipo penye siri. Punguza msongamano mara kumi, na R inakua mara 4.6. Ukiweza kuiondoa gesi karibu na nyota, au kuitawanya, fotoni zilezile zinafika mbali zaidi bila nyota kuongeza chochote.

Msongamano huohuo ndio unaoamua fotoni ina thamani gani ikishatoka. Ndani ya wingu letu, elektroni iliyong'olewa hupata protoni nyingine baada ya kama miaka 1,200. Nje, kati ya galaksi, wakati mhamo mwekundu ni z = 7, wastani ulikuwa atomi kama 100 za haidrojeni kwa kila *mita* ya ujazo, na hapo kuungana tena huchukua takriban miaka bilioni 1.2. Umri wa ulimwengu wakati huo haukufika hata miaka milioni 800. (Mhamo mwekundu z hukuambia mwanga umenyooshwa mara ngapi njiani: urefu wa wimbi huzidishwa kwa 1 + z.) Gesi ya nje ina mabonge, na mabonge hufupisha muda huo mara kadhaa, lakini hoja inabaki: ndani ya galaksi kazi ya fotoni hufutika mara moja, nje inadumu. Hapa nazungumzia mamia ya mamilioni ya miaka ambayo galaksi zilichukua kuionisha ulimwengu upya, kazi iliyokamilika kwenye z kati ya 5 na 6.

Njia za kutokea

Njia ziko mbili, na mara nyingi huchanganyika.

Ya kwanza ni gesi kuisha kabla ya fotoni. Nyota ni nyingi, gesi ni chache, na wingu linakwisha kabla mpaka wa R haujafikiwa. Kinachobaki huvuja pande zote. Dalili yake ni ganda la nje kukosekana: oksijeni iliyopoteza elektroni moja na salfa iliyopoteza elektroni moja hukaa karibu na mpaka, kwa hiyo mistari yao kwenye spektra (mwanga uliotandazwa kwa urefu wa mawimbi) hudhoofika wakati ile ya oksijeni iliyopoteza elektroni mbili inabaki na nguvu.

Ya pili ni matundu. Galaksi kwa jumla ina gesi nzito, ila mahali fulani imetobolewa. Anayetazama kupitia tundu anaona nyota tupu. Anayetazama kwa pembeni haoni kitu. Galaksi yenye matundu yanayofunika sehemu ya kumi ya anga lake itaonekana na asilimia 100 kwa mtazamaji mmoja kati ya kumi, na sifuri kwa tisa waliobaki, ukiacha vumbi pembeni. Wastani wa kweli ni 10, na hakuna hata mmoja wao aliyeuona.

Tundu si lazima liwe tupu. Gesi iliyoionishwa haina elektroni ya kung'oa, hivyo haikingi. Tundu lenye safu ya jumla ya 10²¹, ikiwa atomi moja tu kati ya 10,000 ndiyo bado nzima, lina safu ya kukinga ya 10¹⁷, na hiyo inapitika. Kwa hiyo tundu linaweza kutobolewa na mionzi yenyewe, siyo lazima litobolewe kwa kusukuma gesi.

Kusukuma nako kupo. Gesi ikipashwa joto hadi kelvini 10,000 hutanuka kwa kasi ya kama kilomita 10 kwa sekunde. Pepo za nyota za aina ya O huenda kwa kasi inayozidi kilomita 1,000 kwa sekunde. Mwanga wenyewe husukuma, hasa ukigonga vumbi. Kisha huja supanova, milipuko ya nyota nzito zinapokufa, na hapo ndipo penye mgogoro mkubwa wa somo hili, mgogoro wa saa.

Tuseme kishada cha nyota kimezaliwa mara moja. Supanova za kwanza hulipuka baada ya takriban miaka milioni 3 hadi 4, na huendelea hadi miaka milioni 40 hivi, wakati nyota za uzito wa Jua mara nane zinapomaliza. Lakini fotoni za kuionisha hutolewa kwa wingi ndani ya miaka milioni 3 hadi 5 ya mwanzo. Ikifika milioni 10, kwa nyota zinazoishi moja moja, zimeshapungua zaidi ya mara kumi. Maana yake mlango unafunguliwa wakati wageni wameanza kuondoka. Tundu likichelewa miaka milioni mbili tu, sehemu kubwa ya mionzi imeshamezwa na wingu la kuzaliwa.

Mgogoro huo una majibu matatu, na kwa maoni yangu yote yanahitajika. Kwanza, kwenye vishada vizito na vilivyosongamana, mwanga na pepo huanza kutoboa kabla ya supanova yoyote. Pili, nyota nyingi nzito huishi mbili mbili. Moja humvua mwenzake tabaka la nje, au humpa maada na kumfanya kama amezaliwa upya, na jozi za namna hiyo huendelea kutoa fotoni kali hata baada ya miaka milioni 10, wakati njia zimeshasafishwa. Tatu, nyota hazizaliwi zote siku moja: kizazi cha kwanza kinatoboa, cha pili kinazaliwa pembeni ya tundu lililokwisha kuwa wazi. Uigaji wa kompyuta unaofuatilia gesi na mionzi pamoja unaonyesha kiwango cha utorokaji cha galaksi moja kikipanda na kushuka, kutoka chini ya asilimia 1 hadi makumi, ndani ya miaka milioni chache. Galaksi ileile, watazamaji walewale, jibu tofauti.

Vumbi nalitaja kwa ufupi. Humeza fotoni za urefu wote wa urujuanimno, na ni haba kwenye galaksi zenye elementi nzito chache. Hiyo ni sababu mojawapo ya galaksi ndogo za zamani kupewa nafasi nzuri.

Inavyopimwa

Huwezi kuhesabu fotoni zilizozalishwa ndani. Unaona zilizotoka tu. Kwa hiyo unalinganisha mwanga wa nanometa 90, ambao haidrojeni humeza, na wa nanometa 150, ambao haidrojeni huuacha. Modeli za nyota zinakuambia uwiano wa asili ungekuwaje kama kusingekuwa na gesi. Kisha unarekebisha kwa kile kilichomezwa safarini, kati ya galaksi hiyo na sisi:

f ya kulinganisha = (uwiano ulioonekana) ÷ (uwiano wa asili × upitishaji wa njiani)

f halisi = f ya kulinganisha × 10^(−0.4 A)

f ni sehemu ya mionzi iliyotoroka. A ni kiasi ambacho vumbi limefifisha mwanga wa nanometa 150, kwa magnitudo, kipimo cha ung'avu cha wanaastronomia. Chukua mfano wa kufikirika wa galaksi iliyo z = 3. Umepima uwiano wa 0.03. Modeli inasema uwiano wa asili ni 0.25. Upitishaji wa njiani, kwa wastani wa z hiyo, uko jirani na 0.4. Vumbi, A = 1. Basi f ya kulinganisha ni 0.03 ÷ 0.1 = 0.30, na f halisi ni 0.30 × 0.40 = 0.12. Asilimia 12.

Sasa badili kitu kimoja tu. Upitishaji wa 0.4 ni wastani. Njia moja moja hutofautiana vibaya, kwa sababu wingu moja tu la safu ya 10¹⁸ likikaa njiani linazima kila kitu. Njia hii ikiwa kwa kweli ina 0.8, f halisi inashuka hadi asilimia 6. Ikiwa 0.2, inapanda hadi 24. Galaksi haijabadilika hata kidogo. Ndiyo maana kwa z = 3 namba ya galaksi moja ninaisoma kwa mashaka, na wastani wa galaksi nyingi ninauamini zaidi, kwani upitishaji wa wastani unajulikana vizuri kuliko wa njia moja.

Uwiano wa asili nao una utata. Kishada cha miaka milioni 2 kina uwiano mkubwa kuliko galaksi iliyozaa nyota mfululizo kwa miaka milioni 100, na modeli zenye nyota pacha hutoa namba tofauti na zisizo nazo. Mtu akikosea umri, f inakosewa kwa kiasi kilekile. Kwa galaksi za karibu kuna njia bora ya kujikagua: mistari ya haidrojeni. Kila fotoni iliyomezwa na gesi huishia kwenye muungano mpya, na kwa wastani kila miungano 100 hutoa fotoni kama 45 za mstari wa H-alfa. Mistari hiyo inakuhesabia fotoni *zilizomezwa*. Jumlisha na zilizotoroka, unapata zilizozalishwa. Galaksi iliyovuja asilimia 100 haingekuwa na mistari hiyo hata kidogo, na hilo husahaulika mara nyingi watu wanapotumia mistari mikali kama ushahidi wa kuvuja.

Mtego mbaya kuliko yote ni galaksi ya mbele. Mwanga wa nanometa 90 kutoka z = 3 hutufikia ukiwa nanometa 360, ambao darubini za ardhini huweza kuupokea. Lakini galaksi ndogo ya z = 1 iliyokaa karibu kabisa na mstari wetu wa kuona nayo hutoa mwanga wa nanometa 360, tena bila kuzuiwa na chochote. Hewa ya dunia ikitawanya picha hadi upana wa sekunde moja ya tao, mbili hizo zinakuwa doa moja, na unapata "utorokaji" wa ajabu. Wagombea wengi wa miaka ya nyuma walianguka walipopigwa picha na darubini ya Hubble, ambayo huwatenganisha vizuri mara kumi hivi. Hata utafiti makini haukusalimika: galaksi zaidi ya 120 za z = 3 zilizopimwa kwa darubini ya Keck zilitoa wastani wa asilimia 9 mwaka 2018; mwaka 2021, baada ya Hubble kuonyesha chache zilizochafuliwa na kuondolewa, wastani ukawa 6.

Kwa galaksi za karibu, tatizo hugeuka. Njiani kuko wazi, lakini mwanga unabaki urujuanimno, na lazima upimwe kutoka angani, juu ya hewa ya dunia. Kwa z = 0.3, mpaka wa 91.2 unakuwa nanometa 119, na spektrografu ya COS iliyo kwenye Hubble inaupokea. Idadi ya fotoni ni ndogo sana, kwa hiyo kosa dogo katika kutoa hesabu za giza za kihisi (zile kinazosajili bila mwanga wowote) linaweza kuzaa ishara isiyokuwapo. Haidrojeni ya angahewa ya juu ya dunia hung'aa kwenye nanometa 121.6, na kipande hicho cha spektra hutupwa au hupimwa wakati chombo kiko upande wa usiku. Haro 11, galaksi iliyo umbali wa karibu miaka-nuru milioni 300, ilibishaniwa kwa miaka mitano juu ya usafishaji wa kelele za nyuma za data ya chombo cha FUSE, kutoka dai la kwanza la 2006 hadi hesabu ya 2011 iliyotua kwenye asilimia 3 hivi. Hiyo 3 yako huenda ndiyo.

72, na tao lenye tundu

Mwaka 2009, kutokana na macho ya watu wa kujitolea wa mradi wa Galaxy Zoo, ziliripotiwa galaksi ndogo, za duara, zenye rangi ya kijani kwenye picha za SDSS, mradi wa kupiga picha sehemu kubwa ya anga. Ukijani huo unatokana na mstari wa oksijeni wa nanometa 500.7, ambao mhamo mwekundu umeuingiza kwenye kichujio kinachochorwa kijani. Zinafanana na galaksi za zamani kwa udogo, kwa uhaba wa elementi nzito na kwa kasi ya kuzaa nyota. COS ilipoelekezwa huko, majibu yalikuja: J0925+1403, iliyotangazwa 2016, asilimia 8, J1154+2443, mwaka 2018, asilimia 46, na mwaka huohuo J1243+4646, asilimia 72.

Usiseme basi kwamba kila galaksi ya namna hiyo huvuja. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2022 ulikusanya galaksi 66 za z kati ya 0.2 na 0.4, mionzi ilionekana kwenye 35. Zilizobaki hazikuonyesha kitu, na baadhi yake zilikuwa na sifa zilezile nzuri za wenzake. Mtu anayeamini matundu halazimiki kushangaa.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa tao la Sunburst, galaksi ya z = 2.37 iliyopindwa na kukuzwa na mvutano wa kundi la galaksi lililo mbele yake. Kishada kimoja tu cha nyota kinachovuja huonekana mara 12 kwenye tao hilo, na picha zote 12 zina mwanga wa kuionisha. Galaksi ya mbele isingeweza kujirudia mara 12 kwa mpangilio huo, kwa hiyo suala la uchafuzi limefungwa.

Mstari wake wa Lyman-alfa, nanometa 121.6, ndio unaosema zaidi. Fotoni za mstari huu hudundadunda ndani ya haidrojeni isiyoionishwa hadi zisogee mbali na katikati ya mstari, ndipo zitoke. Gesi nene huwapa vilele viwili vilivyoachana, kimoja upande wa bluu na kimoja upande wa mwekundu. Tao la Sunburst lina vitatu. Kilele cha tatu ni chembamba na kimekaa katikati kabisa, mahali ambapo fotoni haiwezi kutoka ikiwa imekutana na gesi. Hiyo ni spektra ya tundu: vilele vya pembeni vinaeleza ukuta mnene, cha katikati kinaeleza mlango uliopo ndani yake.

Galaksi za zamani zenyewe

Kwa z zaidi ya 6, kupima moja kwa moja hakuwezekani. Haidrojeni iliyosalia kati ya galaksi ilikuwa nyingi mno; kwenye z = 6, fotoni ya kuionisha ilisafiri kwa wastani chini ya megaparseki moja, yaani parseki milioni moja. Darubini ya James Webb haiwezi kuibadili hali hiyo, kwa kuwa mwanga wenyewe haufiki. Tunabaki na dalili, zilizojaribiwa kwenye galaksi za karibu.

Umbali wa vilele viwili vya Lyman-alfa ndiyo dalili bora: ukiwa chini ya kilomita 300 kwa sekunde, uwezekano wa kuvuja ni mkubwa, na kwa J1243+4646 ulikuwa karibu na 150. Bahati mbaya, kwa z kubwa kilele cha bluu chenyewe humezwa njiani. Uwiano wa mistari ya oksijeni, ule wa elektroni mbili dhidi ya moja, hupatikana kirahisi na James Webb, ila ni sharti tu: galaksi zinazovuja sana huwa nao mkubwa, lakini wengi wenye uwiano mkubwa hawavuji. Mteremko wa rangi ya urujuanimno hupima vumbi, na galaksi za bluu zaidi huvuja zaidi kwa wastani. Magnesiamu iliyopoteza elektroni moja, mistari ya nanometa 279.6 na 280.3, inafuata gesi isiyoionishwa na inatia matumaini. Mistari ya kunyonya ya silikoni na kaboni inapoacha mwanga chini yake, inaonyesha kuwa gesi haijafunika nyota zote. Ninayemwamini ni yule anayetumia dalili tatu au nne pamoja, na anayekiri kwamba hata hivyo galaksi moja inaweza kumkosea mara kadhaa.

Kwa muda mrefu hesabu ilikuwa kwamba galaksi zikivujisha wastani wa asilimia 10 hadi 20, zinatosha kuionisha ulimwengu upya kwa wakati. James Webb imeonyesha galaksi nyingi za mwanzo zinazozalisha fotoni kwa ufanisi kuliko ilivyodhaniwa. Ukiziweka asilimia zilezile, kazi inakamilika mapema mno, kinyume na kipimo cha chombo cha Planck cha jinsi elektroni huru zilivyotawanya mionzi ya mandharinyuma (mwanga uliosalia tangu mwanzo wa ulimwengu), ambacho ni 0.054 ± 0.007. Mjadala huo umepamba moto tangu 2024. Mimi naelekea upande wa wastani mdogo, asilimia chache kwa galaksi nyingi, na vipindi vifupi vya kuvuja sana.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, spektra za COS ziko wazi kwenye hifadhi ya data ya MAST. Kabla ya kuiamini namba yoyote, yako au ya mwingine, uliza kama ni f ya kulinganisha au f halisi, maana kwa vumbi la A = 1 zinatofautiana mara 2.5; uliza upitishaji wa njiani umechukuliwa wapi; uliza kama kuna picha kali ya kuondoa galaksi ya mbele. Na ukifanya wastani, ingiza zile zisizoonyesha kitu. Galaksi ya namna hiyo haiandikwi sifuri wala haitupwi. Huandikiwa kikomo cha juu kulingana na kelele za kihisi, na ikiachwa nje, wastani hupanda wenyewe.